RTK inanikatikia usiku baada ya tarawehe, ubovu wa risiva au mbingu?

Mpimaji_Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba msaada kwa mwenye ujuzi mana mie nshachoka na bosi kashaanza kunitizama kwa jicho jengine.

Ni hivi, mie kazi yangu kupima ardhi kwa RTK, yaani risiva mbili za GPS zinazosaidiana, nipo Pemba, na Ramadhani hii tumepewa kazi ya kupima pwani upande wa Micheweni pale kina mama wanapolima mwani, kila kigingi kijulikane kipo wapi na mwamba unaanzia wapi. Kazi ile haifanyiki mpaka maji yatoke kweli kweli, yaani bamvua, na bamvua huku kwetu maji yanatoka saa nne asubuhi na saa nne usiku. Asubuhi umefunga, jua linakuchoma, mnafanya kidogo mnarudi. Tukasema basi tufuturu, tusali tarawehe, tushuke pwani na tochi za kichwani tumalizie usiku kuna upepo.

Asubuhi mambo safi. Besi, risiva inayokaa pahala pamoja, ipo kilimani, rova, ile nnayotembea nayo kwenye fimbo, kama kilomita tatu hivi, fiksi, yaani jawabu la uhakika, inashika ndani ya sekunde kumi, kosa sentimita mbili, raha tupu. Usiku ule wa mwezi kumi na nne, mbalamwezi hata tochi huitaki, saa tatu na nusu ndo tunaanza, fiksi ikaruka ikawa floti, jawabu la kukisia tu, ikarudi, ikaruka tena. Setilaiti zilikuwa 28 zikashuka 17, mara 11. Nikaisimamisha fimbo juu ya kigingi kimoja bila ya kuitikisa, nikawa naitizama skrini tu, kimo kinacheza, mara kimepanda sentimita 40 mara kimeshuka 70, na kigingi kipo pale pale kimetulia na mwani wake. Saa tano na robo kila kitu kikakaa sawa kama hapakuwa na lolote, ila maji nayo yashaanza kurudi.

Nimebadilisha betri, waya wa antena, redio, nikaigeuza rova ikawa besi na besi ikawa rova. Usiku wa pili yale yale. Wa tatu hakuna kitu, safi kabisa. Wa nne tena. Aliyetuuzia mashine nilimpigia simu akanambia niapdeti programu, nimeapdeti, bure. Kijana nnaefanya nae kazi yeye keshasema pwani ile ina wenyewe na hashuki tena. Sasa kuna mtu akanigusia neno ayonosfia, akasema kuna marada yanaitizama na kuna modeli za kompyuta zinatabiri. Naomba kueleweshwa, hiyo ayonosfia inahusikaje na kigingi cha mwani, na rada ya karibu ipo wapi ili niangalie kabla sijashuka?

---

Ngalawa_77

Micheweni usiku wa mwezi kumi na nne, tena hamkuaga? Yakhe weye unatafuta rada, anza na ubani 😂😂

---

Maalim_Fizikia

Wa alaykum salaam. Ngalawa acha mzaha, mtu kazi yake inaharibika.

Mpimaji, mashine zako nzima na yule kijana mwambie arudi kazini. Ulichokieleza hapo nakijua hata kabla sijamaliza kusoma, ulipotaja saa tu nikasema hiki ndo chenyewe.

Ayonosfia ni ile sehemu ya juu ya hewa, tuseme kuanzia kilomita 60 mpaka 1000 hivi, ambako mionzi ya jua ya urujuanimno na eksirei inazigonga atomu inazing'oa elektroni. Kule hewa nyembamba mno, elektroni ikishang'oka inakaa muda haijapata wa kurudiana nae. Chini kidogo, tabaka D, kilomita 60 hadi 90, hewa bado nzito kiasi chake kwa hivyo jua likizama tu zinarudiana na tabaka linakufa. Juu, tabaka F, kilomita 250, 300, 400, huko elektroni zinakesha. Setilaiti za GPS zipo kilomita 20,200, hazina njia ya kukufikia isipokuwa kupita humo, na wimbi likipita kwenye elektroni linachelewa. Wataalamu wanahesabu elektroni zote zilizomo kwenye nguzo ya mita moja ya mraba toka kwako mpaka kwenye setilaiti, fungu moja ni elektroni moja yenye sifuri 16 mbele yake, na kila fungu linaidanganya L1, wimbi kuu la GPS, sentimita 16. Mwezi wa tatu, jua likiwa kwenye miaka yake ya kuchangamka kama hii, hapa kwetu mchana kukutana na mafungu 80 au 100 si ajabu. Piga hesabu mwenyewe, 100 ni mita 16.

Sasa kwa nini sisi. Ikweta ya kwenye ramani inapita Kenya na Uganda, lakini ikweta ya sumaku ya dunia imepanda juu, kwa upande huu inapita Ethiopia. Mchana pale umeme wa huko angani ukikutana na sumaku ya dunia elektroni zinanyanyuliwa, zikishafika juu zinateremka kufuata mistari ya sumaku, nyengine kaskazini nyengine kusini, zinakwenda kurundikana kiasi cha digrii 15 kila upande. Unguja na Pemba tupo kama digrii 16 kusini ya ikweta ya sumaku. Yaani Muhabeshi anachota sisi tunamwagikiwa. Watu wa Addis Ababa wapo chini ya bonde, sisi tupo chini ya mlima.

Halafu Magharibi inaingia. Jua likizama sehemu ya chini ya tabaka F inaliwa haraka, ya juu bado nzito, na kabla ya kutulia tabaka zima kule kwenye ikweta ya sumaku linanyanyuliwa kwa nguvu mara ya mwisho. Hapo sasa kizito kimekaa juu ya chepesi. Chukua chupa tia maji nusu na mafuta ya nazi nusu, acha yatulie, afu ipindue ghafla uitizame kwa pembeni. Maji hayashuki kama sahani, mafuta yanapenya vidole vidole mpaka juu. Ndo vile vile. Yanazaliwa mapovu, ndani yake elektroni chache mno, yanapanda mamia ya kilomita, na kwa kuwa yamefungwa na mistari ya sumaku povu lililoanzia juu ya Ethiopia likipanda vya kutosha miguu yake inatufikia huku. Kingo za povu zimechanika vipande vipande, na vipande vya kama mita 300 mpaka 400 ndo vinavyoisumbua L1, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 19. Risiva inaiona setilaiti inamemeteka kama nyota, nguvu inapanda inashuka, mara imepotea.

Na hili usikilize vizuri mana ndo linalowachanganya wapimaji. Ule ucheleweshaji wa kawaida wa mita 16 haukusumbui, besi na rova zipo kilomita tatu, zote zinadanganywa sawa sawa, ukitoa moja kwa nyengine uongo unakufa. Ndo mana mchana, wakati elektroni ni nyingi kuliko zote, unapata sentimita mbili. Kinachokuua usiku ni kule kukatika. Risiva ikipoteza hesabu ya mawimbi inaanza upya, na besi imepoteza setilaiti hii rova imepoteza ile, hakuna cha kutoa kwa chengine.

Nakwenda daku, nikirudi ntaendelea.

---

Mzee_wa_Masafa

Wanangu mmenikumbusha mbali. Sisi tuliofanya kazi na redio ayonosfia haikuwa adui, ilikuwa ndo mkate wetu. Sauti ya Tanzania Zanzibar ilikuwa inarusha masafa mafupi 11735 kutoka Dole na jioni watu wa Ulaya walikuwa wanaisikia taarabu wanaandika barua kuomba kadi za kuthibitisha, sasa wimbi lile toka Dole mpaka kule linafikaje na dunia ni duara? Linagonga juu linarudi chini linagonga bahari linapanda tena. Na nyinyi mliolala dago enzi hizo mtakumbuka redio ya mkulima mchana inashika stesheni mbili, ikishaingia Isha unapata mpaka Waarabu na Wahindi kwenye masafa ya kati, ile ndo D aliyoisema Maalim imekufa, mana mchana D inayameza mawimbi ya masafa ya kati yote, usiku hakuna wa kuyameza.

Marconi aliposikia herufi toka Uingereza mpaka Newfoundland Disemba 1901 watu hawakuelewa, mwaka wa pili yake Kennelly na Heaviside kila mtu kwa upande wake akasema basi lazima juu kuna kitu kinachorudisha umeme. Appleton ndo aliyethibitisha mwaka 1924, alitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, wanapokea Oxford, wanabadilisha masafa kidogo kidogo na kutizama wimbi la juu linavyogombana na la chini. Wakampa Nobeli 1947.

Kijana kauliza rada. Rada ya mwanzo ya ayonosfia ni kitu kidogo tu, inaitwa ayonosondi, inapiga pigo kwenda juu wima, inaanza megahezi 1 inapanda mpaka 20 hivi, kila pigo linasubiriwa lirudi. Likirudi baada ya milisekunde mbili maana yake limegonga kilomita 300. Ukiendelea kupandisha masafa inafika pahala pigo halirudi, limetoboa limekwenda zake. Yale masafa ya mwisho yaliyorudi ndo yanakwambia elektroni ni ngapi, mana hesabu ni nyepesi: kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni kwenye mita moja ya ujazo, zidisha kwa 9, unapata hezi. Elektroni trilioni moja, megahezi 9. Hesabu hiyo mie nilikuwa naifanya kwa kalamu ya risasi.

Na mjue Unguja hii ilikuwa na mitambo ya kutizama anga kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Wamarekani waliweka kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, upande wa Tunguu, mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 Zanzibar ilikuwa kwenye orodha ya vituo. Watu waliandamana wakisema ni makombora. Baada ya Mapinduzi 1964 kikafungwa. Leo Tunguu wanasoma wanafunzi wa SUZA na nnavyoona wengi wao hawana habari.

---

Mpimaji_Wete

Maalim na Mzee Mungu awajaalie, nimesoma mara mbili na nimemsomea yule kijana, kacheka ila bado anasema hashuki. Lakini suali langu la rada bado. Hiyo ayonosondi inayaona hayo mapovu? Na kuna kubwa zaidi?

---

Binti_Mkoani

Mie nasoma nje kidogo, mambo haya haya, niachieni hapa.

Ayonosondi inayaona lakini kwa taabu. Usiku wa mapovu ule mstari wake mzuri unatawanyika kama wino uliomwagikiwa maji. Na ina upofu wake, inaishia pale tabaka F lilipo zito kuliko kote, juu ya hapo haioni kitu mana wimbi ama limerudi ama limetoboa.

Rada kubwa zinafanya kitu chengine kabisa. Mwaka 1958 William Gordon wa Cornell alipiga hesabu akasema ukirusha wimbi la nguvu nyingi, la masafa ya juu ambayo ayonosfia haiwezi kuyarudisha, karibu lote litatoboa, lakini kila elektroni itarudisha chembe yake kidogo. Kidogo kiasi gani? Ukizikusanya elektroni zote zilizomo kwenye miale ya rada unapata kitu kama sarafu iliyotundikwa kilomita mia tatu juu, na weye upo chini unataka kuiona. Mwaka huo huo Kenneth Bowles akajaribu kule Illinois na akaipata, tena akakuta wimbi limerudi jembamba kuliko Gordon alivyodhani, kwa sababu elektroni hazitembei peke yao zinavutwa na ayoni, yaani zile atomu zilizong'olewa elektroni, ambazo ni nzito. Hiyo bahati sana. Umbo la lile wimbi linalorudi linakwambia elektroni ni ngapi, zina joto gani, ayoni zina joto gani, na zote zinakwenda wapi kwa kasi gani. Joto la kitu kilichopo kilomita 400 juu, weye umekaa chini unakunywa chai.

Arecibo ya Puerto Rico ilijengwa kwa kazi hii hii, sahani ya mita 305, iliporomoka tarehe 1 Disemba 2020. Skandinavia kuna EISCAT, mtambo wa Tromsø, wao wanatizama mambo ya ncha ya kaskazini. Lakini rada ya watu kama sisi ni Jicamarca, nje ya mji wa Lima, Peru, karibu kabisa na ikweta ya sumaku. Haina sahani, ni uwanja wa nguzo fupi na nyaya, antena 18,432 zimepangwa kwenye mraba wa kama mita 290 kila upande, yaani viwanja kumi na mbili hivi vya Gombani, zimelala bondeni kwenye jangwa, zinarusha megahezi 50. Mwaka 1976 Ronald Woodman, Mperu mwenyewe, na César La Hoz walitoa picha za mapovu, ukiziona hutosema rada, utasema mtu kachoma makumbi, moshi unapanda unainama. Wimbi la megahezi 50 lina urefu wa mita 6 kwa hivyo rada inarudishiwa na mikunjo ya mita 3. Wewe yako ya mita mia tatu, wao ya mita tatu, povu ni lile lile.

Karibu na sisi? Hamna. Afrika nzima haina rada ya aina hiyo. Na hili linaniuma kusema kweli, ikweta ya sumaku imekatiza bara zima toka Afrika Magharibi mpaka Ethiopia na sisi tunachungulia picha za Peru.

Modeli sasa. Ya kwanza ipo ndani ya risiva yako bila ya weye kujua, ya Klobuchar, setilaiti ya GPS inakuletea namba nane tu na kwa hizo nane inakisia ayonosfia ya dunia nzima, inapunguza kosa kama nusu. Galileo, setilaiti za Ulaya, wanatumia NeQuick. Ya kumbukumbu ni IRI, imejengwa kwa vipimo vya miaka na miaka vya ayonosondi, rada na setilaiti, unaipa tarehe na pahala inakupa wastani wa mwezi. Halafu kuna zile za fizikia kabisa, kama TIE-GCM ya NCAR, taasisi ya Marekani ya utafiti wa hewa, kule Boulder, inahesabu upepo, joto, umeme, vyote pamoja, na hewa ya kawaida iliyochanganyika na ayonosfia, mana huko juu hewa ndo inayozisukuma ayoni na ayoni zinaiburura hewa. Na msidhani hiyo hewa ni kitu cha vitabuni. Februari 2022 Starlink walirusha setilaiti 49, dhoruba ya sumaku ndogo tu ikaipasha moto ile hewa ikavimba, msuguano ukazidi, karibu 40 zikaanguka zikaungua. Majirani zetu Malindi ya Kenya, Wataliano walikuwa wanarusha setilaiti baharini toka 1967 kupima uzito wa hewa hiyo hiyo hapa kwenye ikweta. Uhuru pia ilirushwa pale 12 Disemba 1970, hiyo ilikuwa ya eksirei za nyota lakini jina letu.

Ila Mpimaji, usitegemee modeli ikwambie usiku wa leo saa tatu na nusu kutakuwa na povu Micheweni. Ndugu zangu mnalo jaduali la maji, si ndio? Linakwambia bamvua tarehe ngapi, maji yanatoka saa ngapi. Halikwambii wimbi gani litakupindulia ngalawa. IRI ni jaduali la maji. Tena jaduali lenyewe lilipigiwa hesabu zaidi kwa bandari za watu, mana vipimo vya Afrika vilivyoingia humo ni vichache.

---

Kombo_Droni

Dada umesoma mashaallah lakini kaka wa watu anataka kumaliza kazi. Mie narusha droni na napima, haya yamenikuta Unguja sana tu. Sikiliza. Kwanza usiku wa kati ya saa mbili na saa sita miezi ya tatu, ya nne, ya tisa na ya kumi usiahidi mtu sentimita. Mwezi wa sita na wa saba ni kwa nadra. Pili rekodi data mbichi besi na rova ukafanye hesabu nyumbani, pengine inaokoa pointi ambazo pale pale zilikataa. Tatu fungulia Galileo, Beidou, Glonass, vyote, mana povu haliwezi kufunika mbingu nzima. Nne, na hii ndo dawa, mchana chukua pointi tatu nne za uhakika kwenye nchi kavu kwa RTK, usiku shuka na totali stesheni, ile darubini inayopima kwa mwanga, na kioo chake cha prizima. Totali stesheni haina habari na ayonosfia. Nadharia nyengine zote mtaeleweshana baada ya Idi.

---

Maalim_Fizikia

Kombo maneno yako kweli, hasa hilo la totali stesheni, ila usiidharau nadharia mana hiyo miezi uliyoitaja umeipata wapi? Mwezi wa tatu na wa tisa mstari wa machweo unalala sambamba na mistari ya sumaku huku kwetu, ncha zote mbili za mstari mmoja zinaingia gizani pamoja, ndo ule mnyanyuko wa mwisho unakuwa na nguvu. Na mwaka 2019, 2020 ulipima usiku ukaona tatizo? Hukuona, jua lilikuwa limelala. Kilele chake likakifikia 2024.

Mpimaji nakuomba kitu kimoja. Hizo rekodi za usiku ule bado unazo? Tizama setilaiti moja moja, nguvu yake na upande iliopo. Povu huku kwetu linatoka upande wa kaskazini na linatembea kwenda mashariki, mita 100 na kitu kwa sekunde.

---

Mpimaji_Wete

Nimefungua faili jana baada ya futari na sijalala. Wallahi ni kama mlikuwepo.

Saa tatu na dakika 32, setilaiti iliyopo kaskazini magharibi, nguvu yake ilikuwa imekaa 45 muda wote, ikaanza kutetemeka, 45, 38, 44, 29, 41, 27, kila sekunde namba yake. Ya pembeni yake kidogo mashariki ilikuwa bado inalala 46 haina habari, dakika kama tisa baadae nayo ikaanza. Halafu ile ya mwanzo ikatulia. Yaani nalifuata povu kwa kidole kwenye skrini, linatoka bara linaelekea baharini. Dakika 25 hivi likapita, pakawa na utulivu wa robo saa, ambao mie pale pwani nilidhani nimetengeneza kwa kukaza waya, likaja la pili. Setilaiti zote za kusini, zile zinazokaa upande wa Misali na kuendelea huko, hata moja haikutikisika.

Sasa nna swali la kijinga. Besi yangu inaweza kukaa pale kilimani kila usiku inarekodi. Ina maana nna rada?

---

Binti_Mkoani

Si la kijinga hata kidogo. Sio rada mana hairushi kitu, inasikiliza tu, lakini setilaiti ndo zinazokurushia bure. Mashine maalum za kazi hii zinachukua sampuli 50 kwa sekunde, yako moja kwa sekunde, haidhuru, mapovu yataonekana na ukiwa na masafa mawili, L1 na L2, unapata na hesabu ya elektroni. Iache ikeshe mpaka mwisho wa mwezi wa nne, nitumie mafaili, ntayaweka juu ya IRI tuone jaduali limekosea kiasi gani kwa Pemba. Tena chagua pahala pasipo na bati karibu.

---

Mpimaji_Wete

Sawa. Nshaongea na mzee mwenye kile kilima, kasema ataiangalia, kaniambia nisiwe na wasiwasi.

---

Mpimaji_Wete

Binti jamani upo? Usiku wa kwanza nimepata povu kubwa sijawahi kuona. Saa tatu na robo setilaiti ZOTE 29 zimepotea kwa mpigo mmoja, kaskazini, kusini, juu, zote, hazikurudi mpaka saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Hii si ndo dhoruba?

---

Binti_Mkoani

Hapana. Povu halizimi mbingu nzima kwa sekunde moja na halikai masaa manane. Hiyo antena imefunikwa na kitu. Nenda kaitizame.

---

Mpimaji_Wete

Nimetoka huko sasa hivi. Mzee kaniambia umande ulikuwa mwingi kaona mashine ya watu itaharibika, akatia karai juu akalala. Kalitoa alipoamka kwenda kusali.

---

Ngalawa_77

Na mie nilisema ubani 😂😂😂 kumbe karai